Sekunde Arobaini na Moja za Giza

Aliyenieleza kwanza kwamba giza linaweza kupigwa picha ni mzee Minko, yule ambaye kijiwe kizima kinamwita Antena kwa sababu alitengeneza televisheni za kijiji chetu kwa miaka thelathini. Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbele ya duka lililofungwa, ubavuni mwa mashine ya kahawa. Unatia sarafu, mashine inanguruma, kikombe kinadondoka, na kahawa inaanza kutiririka kabla hujajua kama kikombe kimekaa sawa. Kulia hukaa Antena. Katikati hukaa Tiketi, aliyekuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni, na mpaka leo hamwamini mtu asiye na ushahidi mkononi. Kushoto hukaa bibi Tsonka, ambaye ni Redio, kwa kuwa habari humfikia yeye kabla hazijatokea. Mimi hukaa kwenye ngazi ya duka na kigari cha mtoto, nikikisukuma mbele na nyuma ili Stamena wangu alale. Kwa miezi mingi sikusema neno pale. Nilikuwa nasikiliza tu.

Wiki iliyopita Antena alisema kwamba kamera za siku hizi zinaona gizani kuliko paka. Nikajikuta nimesimama, nimemnyooshea simu yangu. Wote watatu walinigeukia. Nadhani walikuwa wamenizoea kama sehemu ya ngazi.

Ndani ya simu ile mna video ya sekunde arobaini na moja. Niliipiga Novemba ya mwaka jana, ndani ya banda ambamo kijiji chetu huchemshia rakia, pombe yetu ya zabibu. Ilikuwa mchana wa mvua, umeme umekatika, na banda lile halina dirisha. Mwanga ulikuwa ule wa makaa tu, chini ya pipa la shaba. Aliyekaa kwenye gogo ni baba yangu, Stamen. Alikuwa hajasema nami tangu nilipotoroka na Plamen bila kumuaga, miaka miwili. Kisha madaktari wakamtoa uvimbe kooni na sauti ikaenda pamoja nao, kwa hiyo hata angetaka kusema nami asingeweza. Niliingia na mimba yangu, nimeinua simu mbele ya uso. Plamen alikuwa kazini Uhispania, na nilimwambia baba kwamba ninampigia Plamen video. Ukweli ni kwamba nilijificha nyuma ya simu. Kwenye video ninasikika vizuri: "Baba, mimi bado ni wako?" Makaa yanalia. Rakia inadondoka kwenye ndoo. Halafu kivuli kinatikisa kichwa, na video inakwisha.

Kwetu kichwa kikienda kushoto na kulia ni ndiyo. Kikiinuka juu ni hapana. Kilienda wapi, haionekani. Wiki mbili baadaye baba akafariki.

Kaka yangu Delcho ndiye aliyebandika karatasi za marehemu, kwenye mlango wa baba, kwenye nguzo, na kwenye kituo cha basi. Picha ya baba juu, na chini majina ya wanaoomboleza: mwana Delcho, mkwe, wajukuu. Mimi sikuwemo. Watu waliisoma karatasi ile, kisha wakanitazama mimi. Sasa mwaka umetimia na karatasi ya mwaka lazima itoke. Delcho aliniambia: "Nionyeshe kichwa cha baba kikisema ndiyo, nitakuandika wa kwanza. Karatasi ya marehemu si mahali pa kubahatisha." Angekwenda kwa mchapaji Alhamisi saa tatu asubuhi.

Jumatano, Antena alirudi kutoka mjini na simu yangu.

— Haya, leta habari, akasema Tiketi. Kichwa kimepatikana?

— Ngoja kwanza nikupe sayansi yake.

— Sayansi yako ndiyo iliyoua televisheni yangu, akasema Redio.

— Televisheni yako ilikufa kwa uzee, mama. Mimi niliizika tu. Sikilizeni. Mpwa wangu hupiga picha za harusi kwenye mikahawa yenye mishumaa tupu. Giza analijua kama anavyolijua shati lake. Kaniambia hivi: kamera ni ndoo, na mwanga ni mvua. Mchana mvua ni kubwa, ukiitoa ndoo nje kidogo tu, imejaa. Gizani ni manyunyu. Kwa hiyo simu mpya inafanya nini? Inaiacha ndoo nje. Sekunde tatu, nne, tano. Inapiga picha nyingi za giza, inazipanga moja juu ya nyingine, inakamua mwanga wote pamoja. Ndiyo maana inakuambia usitikisike. Mvumilivu hula mbivu.

— Sasa si mngefanya hivyohivyo?

— Ile ni picha, Tiketi. Hii ni video. Video inaitoa ndoo na kuirudisha ndani mara thelathini kwa sekunde moja. Kila ndoo inarudi na tone.

— Basi mimina matone yote kwenye ndoo moja! Mbona rahisi? Haba na haba.

— Kamimina. Unafikiri mpwa wangu ni mjinga? Kamimina matone ya sekunde zote arobaini na moja. Pipa la shaba limetokea. Gogo limetokea. Hata koti lililotundikwa msumarini limetokea, na vifungo vyake. Kila kilichotulia kimetokea.

— Na kichwa?

Antena akapuliza kahawa yake, ingawa ilikuwa imeshapoa.

— Kichwa hakikutulia. Kimekuwa moshi.

Nikaendelea kusukuma kigari. Kichwa cha baba kilikuwa moshi kwa sababu kilinijibu. Kingekaa kimya, ningekiona.

— Ila kuna ya pili, akasema Antena. Mpwa wangu ana programu nyingine. Hiyo haikamui, hiyo inajua. Imekwisha kuona nyuso milioni ngapi sijui, kwa hiyo ukiipa moshi inakwambia uso uliokuwemo. Nedka, njoo mwanangu, tazama.

Nilikwenda. Wote wanne tuliinamia kioo kidogo kile, vichwa vikigongana. Mwanamume alikuwa amekaa kwenye gogo la baba. Alikuwa na mashavu, nyusi zilizochongwa vizuri, na alikuwa akinitabasamia kwa meno meupe, yote.

Redio ndiye aliyesema.

— Huyu ni nani?

— Stamen.

— Stamen gani? Stamen alipoteza meno ya mbele siku farasi wa ushirika alipompiga teke, na mimi nilikuwepo, nilimshika kichwa! Huyu ni mtangazaji wa habari za saa moja.

— Programu inajaza palipopungua, mama.

— Ijaze mifuko yangu. Mwenye macho haambiwi tazama!

— Hiyo methali haiendi hapo.

— Naipeleka ninapotaka. Mwambie mpwa wako amrudishie mtu pengo lake.

Tiketi alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

— Si ushahidi, akasema. Delcho ataiona na atacheka. Mimi pia ningemteremsha huyu bwana kituo kinachofuata. Hana tiketi.

Nilirudi kwenye ngazi. Nilitaka kuuchukia uso ule, lakini ulikuwa umetabasamu, na mwaka mzima nilikuwa nimeomba tabasamu. Nilifunika kioo kwa kiganja.

— Msikate tamaa, akasema Antena. Samaki mkunje angali mbichi. Lazima tupate kamera yenye jicho kubwa. Simu ina jicho kama punje ya dengu, inakinga mvua kwa kijiko. Zipo kamera zinakinga kwa beseni.

— Zitakinga nini, bwana? Mvua ilinyesha mwaka jana, akasema Tiketi. Unapeleka beseni leo kukinga mvua ya mwaka jana?

Antena hakuwa na la kusema, kwa hiyo akasema zaidi.

— Shaba! Pipa la shaba! Stamen alikuwa analisugua kwa siki na chumvi mpaka unajiona ndani yake. Kichwa kimekuwa moshi, sawa. Lakini kivuli chake ndani ya shaba je? Shaba imetulia. Tukuze shaba, tutamwona Stamen ndani yake, mdogo kama mbegu ya tikiti, anatikisa kichwa.

— Akiwa kinyume, akasema Tiketi. Kioo hugeuza.

— Kushoto na kulia ukigeuza inabaki kushoto na kulia, mjomba!

— Jeshini tulikuwa na darubini za usiku, akasema Tiketi, na sasa sauti yake ilikuwa imeanza kupanda. Unatazama, dunia yote ni kijani, na sungura anawaka kama taa. Zinaona joto. Stamen alikuwa kando ya moto. Alikuwa na joto au hakuwa nalo? Alikuwa nalo. Basi kichwa kiliacha joto hewani, upande kilikoenda.

— Joto la mwaka mzima? Umesema mwenyewe mvua ya mwaka jana haikingwi.

— Banda halina dirisha. Litatokea wapi?

— Mnahangaika bure, akasema Redio. Juu kuna setilaiti. Zinatupiga sisi sote usiku na mchana, mpaka unavyokuna mgongo. Kichwa cha Stamen kipo huko juu, kwenye sanduku, kimeandikwa jina. Nedka aandike barua tu, kwa adabu, aombe nakala.

— Kupitia bati?

— Kupitia bati. Wanaona mpaka viazi chini ya ardhi. Aulizaye hakosi njia.

— Aandike kwa nani?

— Kwani mimi posta?

Nilijua ni mchezo. Wazee wale walikuwa wakinionea huruma, na huruma yao haikujua njia nyingine ya kutembea. Lakini nilikuwa nimeanza kulitazama lile banda upya, mbali kule bondeni, bati lake likiwa jekundu kwa kutu. Nilikuwa nikifikiria joto lililobaki ndani. Nilikuwa nikifikiria sanduku lenye jina. Mtu mwenye hamu haulizi kama jambo linawezekana.

— Wewe mwenyewe, binti, akasema Tiketi, akanigeukia ghafla. Ulikuwepo. Macho ya mtu gizani yanashinda kamera yoyote. Uliona nini?

Sikuzoea kuulizwa. Nilimfunika Stamena miguu, ingawa ilikuwa imefunikwa.

— Nilikuwa natazama simu, nikasema.

— Wakati wote?

— Wakati wote. Niliona haya kumtazama yeye.

Redio akanyoosha mkono na kunivuta ukosi, kama mtu anavyomtengeneza mtoto anayekwenda shule.

— Lakini jamani, akasema Antena polepole, na uso wake ulikuwa umebadilika. Kuna jambo hatujalifikiria. Komi.

— Komi imeingiaje hapa?

— Stamen alikaa Komi, kule Urusi, miaka sita, akikata magogo. Mimi nilikuwa naye miaka miwili ya kwanza. Warusi ndiyo yao wanainamisha kichwa, na hapana yao wanatikisa kushoto na kulia. Mwezi wa kwanza msimamizi alimuuliza Stamen, "Umefunga mnyororo wa gogo?" Stamen akatikisa kushoto na kulia, ndiyo, nimefunga. Msimamizi akamtukana mpaka theluji ikayeyuka. Tangu siku ile akajifunza kichwa cha Kirusi. Akarudi nyumbani nacho.

— Kweli! akasema Redio, akajipiga paja. Marehemu mkewe alikuwa analalamika. Anamuuliza, "Utakula supu?" Kichwa kinakwenda juu na chini. Anamwaga supu, kumbe bwana ana njaa!

— Akawa anachanganya, akasema Antena. Akilewa kichwa cha kwetu, akiwa mzima cha Urusi.

— Au kinyume.

— Au kinyume.

— Na siku ile alikuwa amelewa? akauliza Tiketi.

— Mtu anayechemsha rakia lazima aionje.

— Kwa hiyo hata tungekiona kichwa, akasema Tiketi, hata tungekiona wazi kama mchana wa Juni...

Hakumaliza. Yeye ndiye aliyekuwa mtu wa ushahidi, na ushahidi ulikuwa umemfia mkononi. Aliinuka, akatia sarafu kwenye mashine. Ikanguruma, kikombe kikadondoka, yakatoka maji ya moto matupu.

— Hata kahawa imekwisha, akasema.

Ndipo lile gari dogo jeupe liliposimama. Akashuka mwanamume mfupi mwenye koti la buluu, na mifuko ya kahawa na sukari mikononi. Ni mtu wa mjini anayezunguka vijiji kujaza mashine. Kila wiki ya pili anakuja, hajulikani jina.

— Mgeni njoo, mwenyeji apone, akasema Redio. Tuponye haraka, tuna msiba.

— Poleni. Wa nani?

— Wa mwaka jana.

Yule mtu akafungua tumbo la mashine kwa ufunguo. Huku yule akimimina kahawa, Antena alimsimulia yote, kwa sababu Antena hawezi kumwona mtu ambaye hajasimuliwa. Alimweleza banda, makaa, ndoo na mvua, meno, shaba, setilaiti, Komi. Akamwonyesha na video. Yule mtu aliitazama mpaka mwisho, amebana mfuko wa sukari kwapani. Nilisikia sauti yangu ikitoka kwenye simu, nyembamba, "Baba, mimi bado ni wako?", kisha makaa, kisha kimya.

— Na baada ya hapo? akauliza.

— Baada ya hapo nini?

— Baada ya kutikisa kichwa. Alifanya nini?

— Video imekwisha, akasema Tiketi.

— Nimeona imekwisha. Yeye je?

Antena alimtazama Redio. Redio alimtazama Tiketi. Tiketi alitazama simu, akaigeuza nyuma, kana kwamba jibu liliandikwa huko. Kisha wote wakanitazama mimi, na yule mtu wa mashine pia, akafuata macho yao.

Uso uliniwaka. Nilichukua simu yangu mkononi mwa Tiketi, nikasema asante, nikageuza kigari, nikaondoka. Nyuma yangu nilimsikia Redio akiwaambia wamwache binti wa watu. Nilisikia mashine ikinguruma tena.

Sikwenda mbali. Kwenye kisima cha barabarani nilisimama, nikashika vishikio vya kigari kwa nguvu, maana ilikuwa inanijia yote.

Siku ile bandani nilizima simu kwa sababu chaji ilikuwa inakwisha. Niliiweka mfukoni. Nilikuwa nimesimama mlangoni mgongo ukiniuma, na mvua ilikuwa ikinipiga kisigino kimoja. Baba alisogea kwenye gogo. Alipangusa kwa mkono mahali alipopaacha wazi. Nikakaa. Akachukua kijiti, akachokoa majivuni, akavingirisha nje kiazi. Alikimenya kwa vidole vile ambavyo moto haukuwa ukiviunguza tangu zamani, akakivunja, akakipuliza mara tatu kupitia lile pengo lake, fyu, fyu, fyu, kama alivyokuwa akinipulizia nilipokuwa na miaka minne. Akanipa nusu kubwa. Chumvi ilikuwa kwenye karatasi kati ya magoti yetu. Tulikula. Tulikaa pale mpaka ndoo ikajaa, labda saa nzima, na bega lake lilikuwa limegusa bega langu.

Mwaka mzima nilikuwa nikitazama sekunde arobaini na moja. Ile saa iliyofuata sikuwa nimeigusa.

Nililia kidogo pale kisimani. Nilimtamani baba kwa namna ambayo video haikuwahi kunitamanisha. Stamena aliamka, akanitazama, kisha akacheka, kwa sababu na yeye hana meno ya mbele.

Asubuhi yake, saa mbili, nilikuwa wa kwanza kwa mchapaji. Nilisema ninataka karatasi ya marehemu, yangu mwenyewe. Msichana wa pale aliniomba picha, nikampa ile ya giza, niliyoikata kwenye video. Aliigeuza huku na huku kwenye kompyuta.

— Dada, hapa haonekani mtu.

— Ni yeye, nikasema. Anaonekana kwangu.

— Niiongezee mwanga kidogo?

— Hapana. Iache hivyohivyo.

Chini yake aliandika nilivyomwambia: binti yako Nedka, mkweo Plamen, mjukuu wako Stamena. Nilikutana na Delcho mlangoni mwa mchapaji. Aliiona karatasi mkononi mwangu, akaisoma, akanitazama. Nilitaka kumwambia habari za kiazi, lakini nilipita.

Nilikwenda moja kwa moja kwenye nyumba ya baba, anamoishi Delcho sasa. Delcho alirudi kwa gari, akanipita njiani, na nilipofika alikuwa ameshaingia ndani. Nilibandika karatasi kwenye mlango wa nje, kwa urefu wa macho ya baba, nikaacha nafasi ubavuni kwa ajili ya ile ya Delcho. Nilipokuwa nikikandamiza kona ya tatu, niliona kichwa cha kaka yangu nyuma ya kioo cha dirisha. Kikatikisika. Jua lilikuwa limechomoza na lilikipiga kioo kile kwa nguvu, mpaka kikawa cheupe chote, na sikuona kichwa kilienda upande gani.

Sikungoja kuona. Nilibandika kona ya nne.